Kitambua-dagaa, wiki ya sita: kufuli bovu

Wiki hii modeli, ile sehemu ya programu inayojifunza kutokana na picha, haijajifunza dagaa hata mmoja.

Kwa mliochelewa: ninaunda programu ya simu itakayotazama picha ya dagaa wakavu na kusema kama walianikwa kwenye chanja au mchangani. Picha nazipiga mwaloni Kibirizi, Kigoma. "Mwanangu, hiyo simu inaonja?" mama mmoja mchuuzi aliniuliza. Hapana mama, inatazama tu.

Jumatatu rafiki yangu wa Ujiji aliniletea kwenye flashi modeli iliyokwisha kufunzwa, faili la .pth, nisianze kutoka sifuri. Mafaili ya aina hiyo, ya PyTorch (maktaba ya kufunzia modeli), kwa kawaida hufungwa kwa pickle, utaratibu wa lugha ya programu ya Python wa kuhifadhi vitu. Tatizo ni kwamba pickle haibebi tarakimu peke yake. Hubeba na maagizo ya kuvijenga vitu upya, na Python huyatekeleza palepale faili linapofunguliwa. Mtu akipenyeza agizo lake humo, kompyuta yako inalifanya kabla hujapima picha ya kwanza.

Hilo nilikuwa nalijua. Kwenye skripti ya kufunza niliandika weights_only=True, ili torch.load, amri ya PyTorch ya kufungua faili, ipokee namba za modeli na vitu vichache vinavyoruhusiwa, basi. Nikalala usingizi. Kumbe hitilafu ya usalama yenye namba CVE-2025-32434, iliyotangazwa Aprili 2025, iko kwenye kufuli hilohilo: hadi toleo la 2.5.1 la PyTorch, faili lililoundwa kwa hila liliweza kuendesha amri hata ukiwa umeandika True. Ukali wake umepewa 9.3 kati ya 10. Nikaangalia toleo langu: 2.5.1. Dawa yake, 2.6.0, ilikuwa imeshatoka tangu Januari mwaka huo. Mimi ndiye nilikuwa nabania bando.

Basi nikanunua bando la usiku, nikapakua toleo la CPU (kichakataji kikuu) pekee, maana kompyuta yangu haina kadi ya picha na lile la kadi ni zito mno.

Asubuhi skripti ya kupima ikagoma. Humo sikuwahi kuandika True (ndiyo, najua), na kuanzia 2.6 usipoandika kitu inachukuliwa umeandika True. Faili langu la wiki ya tatu lilikuwa na modeli nzima badala ya vigezo vyake (zile namba) tu, likakataliwa. Kwa kuwa nililitengeneza mwenyewe, nililifungua mara moja kwa False, nikatoa vigezo na kuvihifadhi kwa safetensors, ambayo haina nafasi ya maagizo: ni namba na maelezo ya mpangilio wake. Siku nzima ikaishia hapo.

La kwenye flashi sijaligusa. Nimemuuliza rafiki alikolipata, akasema kwenye kundi fulani la simu, aliyelituma hamkumbuki. Nitaendelea na picha zangu 412. Jumamosi narudi mwaloni, ila mwezi unapevuka, na dagaa huvuliwa kwa taa gizani, mitumbwi itakuwa michache.