Kumbukumbu ya mradi wa kupanga picha: wiki ya tatu

Folda ya picha za familia, ambayo nilipoanza ilikuwa na faili zaidi ya elfu nne kutoka simu tatu tofauti, sasa inasomeka. Skripti ya Bash (faili ya amri ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine) inayozipa picha majina kwa kufuata siku zilipopigwa imekamilika, ingawa imenipitisha katika makosa mawili.

La kwanza lilitokana na nafasi zilizomo katika majina. Nilikuwa nimeandika `for f in $(ls)` ili kuzipitia faili moja moja, lakini Bash hukata orodha hiyo kwenye kila nafasi, na faili iliyoitwa “harusi ya dada 14.jpg” ikasomwa kama faili nne, ambazo hata moja haikuwapo. Sasa ninaandika `for f in *.jpg`, na kila nikiitaja faili ninaiandika `"$f"`, pamoja na alama zake za nukuu.

La pili liliuma zaidi. Picha zilizopigwa mfululizo ndani ya sekunde moja zilipewa jina moja, na amri ya `mv`, inayobadilisha majina ya faili na ambayo kwa kawaida haimuulizi mtu, ikaifuta kila iliyotangulia kwa kuiwekea nyingine juu yake. Kilichoniokoa ni nakala niliyokuwa nimeihifadhi kwenye diski ya nje usiku wa kuamkia siku hiyo. Tangu hapo ninatanguliza `echo`, ambayo huonyesha amri bila kuitekeleza, mbele ya `mv` ili nione kitakachofanyika kabla hakijafanyika, kisha ninatumia `mv -n`, ambayo haigusi faili iliyokwisha kuwapo.

Picha zilizopitia WhatsApp zina shida yake, kwa kuwa tarehe ya kupigwa huwa imeondolewa ndani ya faili. Jina kama IMG-20230412-WA0003.jpg lina tarehe, lakini ni ya siku picha ilipoingia kwenye simu. Ndiyo maana babu, aliyepigwa picha akiwa kijana mwaka 1974, kwenye orodha yangu anaonekana ni wa Aprili 2023. Hizo nimezitenga ili nizipange kwa mkono, nikiwa na mama pembeni.

Kwa picha zilizojirudia, mstari huu mmoja umetosha:

`find . -type f -exec sha256sum {} + | sort | uniq -w64 --all-repeated=separate`

Unalinganisha tarakimu na herufi 64 za kwanza za kila mstari, yaani alama ambayo `sha256sum` huikokotoa kutokana na yaliyomo ndani ya faili, bila kujali jina. Picha iliyobanwa upya hubadilika alama hata kama kwa macho ni ileile, kwa hiyo hizo bado zimenisubiri.