Kamba Ambayo Haijawahi Kulowa

Juzi usiku mpwa wangu kanitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Ile boti yako ya mpira bado ipo? Baba anasema siku hizi huigusi." Nikaenda stoo, nikauvuta mfuko kutoka nyuma ya makopo ya rangi, nikaufungua. Harufu ikanipiga usoni: mpira, tope kavu, majani yaliyooza. Boti hii nimeiosha na kuianika mara nyingi, lakini kinamasi kimegoma kuhama. Nikakaa palepale sakafuni, ujumbe wa watu nikausahau hadi asubuhi.

Huyo baba yake ni shemeji yangu, niliyekuwa nawinda naye bata. Na boti nadhani nilishawachosha nayo enzi zile: haifiki kilo tatu, ukiikunja inaingia kwenye begi la mgongoni na nguo za kubadilisha zinabaki na nafasi. Haina pampu. Ina mfuko mwepesi sana. Unaupunga hewani ushike upepo, unaukaba mdomo, unaukamua hadi upepo uhamie botini. Unarudia, unarudia, kisha unamalizia kwa pumzi zako mpaka masikio yanazibuka. Niliponunua nilijiona nimemaliza shida zote za kuwinda bata. Kabla yake mimi na shemeji tulikuwa na sheria moja: bata tusiyeweza kumfuata kwa miguu hapigwi. Akipita juu ya kina, mwache apite. Ukiwa umechutama matopeni tangu alfajiri sheria hiyo inauma, lakini tuliifuata vizuri tu, kwa sababu hatukuwa na jinsi.

Boti ikaleta jinsi.

Ilikuwa alasiri ya siku ambayo asubuhi yake ilipita bure. Bata wetu wa plastiki wa kuwahadaa wale wa kweli, kumi na wawili, walikuwa wanaelea mbele ya matete, kila mmoja na kizito chake chini. Boti niliiacha ukingoni juani, imejaa, ukiipiga kofi inalia kama ngoma. Wakaja bata watatu kwa nyuma yetu, wakazunguka mara moja, wakawatazama wale wa plastiki, hawakuwapenda. Wa mwisho alipogeukia maji mapana nikasimama. Shemeji akasema "mwache". Au mimi nakumbuka hivyo. Mwenyewe anasisitiza kwamba alisema "mbali". Nikapiga.

Zilikuwa mita 45 hivi. Marisau ya chuma, zile punje ndogo zinazotoka kwenye bunduki ya kuwindia ndege, si kama yale ya zamani ya madini ya risasi. Marekani waliyapiga marufuku yale ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, kwa sababu bata walikuwa wanayaokota chini ya maji pamoja na changarawe na kufa kwa sumu, na mimi kwa hilo sina ugomvi. Ila chuma ni chepesi, nguvu zake zinaishia njiani, na mpigaji inampasa ajue mwisho wake. Mimi nilikuwa naujua. Bata akavunjika bawa, akashuka akizunguka, akapiga maji, akainua shingo.

"Namfuata," nikasema. Bunduki nikamwachia shemeji, maana kukaa na bunduki yenye risasi ndani ya kitu kinachoyumba vile ni kuita msiba. Jaketi la kuokolea maisha nikalifunga vifungo vyote, angalau hilo nilifanya. Nikakaa, nikajisukuma.

Boti ya mpira haikati maji kama mtumbwi, inakaa juu yake kama jani. Ukipiga kafi kushoto, pua inakimbilia kulia; ukipiga kulia, inakukumbusha kwamba ulikosea kushoto. Upepo ulikuwa mgongoni, kwa hiyo nilienda mbio nikadhani ni mikono yangu. Bata alikuwa mbele, shingo kaibana chini, bawa moja linaburuta. Nikibakiza mita tano, anazama. Maji yanajifunga juu yake, kimya. Halafu anaibukia upande ambao sikuutazama, mita ishirini huko, nami nageuka mzima-mzima kama pia. Mara tatu hivyo. Mara ya nne akaibukia ubavuni kwangu kabisa, karibu kiasi cha kuona matone ya maji yanavyoteleza mgongoni bila kulowesha unyoya, na jicho. La kahawia, limetulia. Nilitegemea hofu. Alinitazama kama mtu anayesubiri umalize maneno yako aendelee na safari.

Nikainama nimshike, boti ikakunjika.

Haikupasuka. Ni somo la darasani tu: hewa iliyopashwa na jua, ukiiweka juu ya maji baridi inasinyaa. Wazoefu wa boti hizi huziweka majini dakika chache, huziacha zilegee, ndipo huongeza pumzi. Mimi nilikuwa na haraka. Ngoma yangu ilikuwa imegeuka godoro kuukuu, na nilipouegemea ukingo ukazama chini ya kiwiko, maji yakaingia hadi kiunoni. Baridi ya namna ile inakupora pumzi. Unavuta hewa bila kutaka, unavuta tena, unavuta tena, kutoa huwezi, na kwa kama dakika nzima huna kazi nyingine duniani zaidi ya kujifunza kupumua upya. Nikajitupa katikati ya boti chali, nimekumbatia kafi kama mtoto. Juu yangu kulikuwa na wingu moja tu. Nalikumbuka vizuri kuliko nyuso za watu wengi.

Nilipoinuka bata hayupo. Wawindaji husema bata mwenye jeraha huenda chini akashika magugu kwa mdomo, akabaki hukohuko. Nilizungusha macho, nikangoja, nikahesabu mia, nikahesabu tena. Mawimbi madogo, basi.

Yaliyobaki ni aibu ya kawaida. Miaka ya 1840 kuna ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Peter Halkett, alibuni boti ya kitambaa cha mpira ambayo unaivaa kama joho. Ukifika majini unaijaza upepo, na mwavuli wako unakuwa tanga. Mimi sikuhitaji mwavuli. Nilikuwa tanga mwenyewe. Nikipiga kafi kumi kurudi, nikipumzika mbili, upepo unadai zote. Mwishowe nikaziba aibu, nikauacha unipeleke ng'ambo, nikatoa upepo, nikakunja, nikatembea kulizunguka bwawa lote na boti mgongoni, viatu vinalia kwa maji. Nilipofika giza lilishaingia. Shemeji alikuwa ameshakusanya bata wa plastiki na kuwafunga nyuzi zao, bunduki zote mbili tupu, zimefutwa.

"Umelowa," akasema. Njia nzima hakusema lingine.

Wiki ileile nikanunua kamba nyekundu ya mita 30. Mpango wangu ulikuwa kufunga ncha moja kwenye boti, nyingine aishike shemeji, na bata atakayekuwa nje ya urefu wa kamba asipigwe, tumerudi kwenye sheria yetu. Ningependa kuwaambia kwamba niliacha kuwinda kwa ajili ya yule bata. Ni goti ndilo lililoniachisha. Kabla ya hapo niliwinda misimu miwili zaidi, nikawafuata bata kadhaa kwa boti ileile, nikawapata bila taabu, na boti nikawa naipoza majini kwanza kama inavyotakiwa. Kamba ilibaki chini ya mfuko. Kila mara nilikuwa na sababu: leo upepo hakuna, leo wako karibu, leo inanasa kwenye matete.

Mpwa alikuja jana jioni kuichukua. Nikamweleza mambo ya upepo, ya kuilegeza majini, ya jaketi, ya bunduki kubaki nchi kavu. Anasikiliza vizuri kijana, kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Tukaijaza uani tukague kama inavuja. Akaupekua mfuko hadi chini, akatoka na kamba, bado imefungwa na karatasi yake ya dukani.

"Na hii, mjomba?"

"Ya kufungia."

"Kufungia nini?"

Nikapiga kofi ubavu wa boti. Ilikuwa ngumu, inalia.

"Kamuulize baba yako," nikamwambia.