Kamera ya kwanza ya mkanda, mi nasema K1000

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, nataka kujifunza picha kwa mkanda, yaani filamu, ninunue kamera gani? Jibu langu ni lilelile, tafuta Pentax K1000. Imetengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997 kwa hiyo bado zipo nyingi mikononi mwa watu, na kila kitu unafanya mwenyewe, fokasi mwenyewe, apecha (tundu la lenzi la kupitisha mwanga) mwenyewe, spidi ya shata (muda pazia la ndani linabaki wazi) mwenyewe. Inatumia betri moja ndogo kama ya saa, LR44, kazi yake kupima mwanga tu, ikiisha kamera inapiga kama kawaida. Canon AE-1 ni nzuri sana lakini betri ikiisha na yenyewe imelala. Nikon FM2 ndo naiota usiku na mchana, spidi ya shata inafika 1/4000 ya sekunde, ila bei yake ni hela ya mikanda mingi mno kwa mtu anayeanza.

Utamu wa K1000 uko kwenye mshale. Unachungulia, upande wa kulia kuna kamshale, mwanga ukizidi kanapanda, ukipungua kanashuka, sa we unazungusha apecha au spidi mpaka katulie katikati. Baada ya wiki kadhaa nikawa nikitoka nje saa sita mchana jua kali, mkanda wa ISO 200 (kipimo cha mkanda unavyoshika mwanga), najisemea apecha f/16 kwa spidi 1/250, nachungulia na mshale uko palepale! Simu haiwezi kukufundisha hicho, inakufanyia yote. Halafu mita yake, kile kipima mwanga, haina swichi, ukimaliza funika lenzi, la sivyo betri inaliwa.

Sisi wa Dar na pwani yote, kabla hujalipa mulika lenzi kwa tochi ya simu uangalie fangasi, ni vijinyuzi kama utando wa buibui, unyevunyevu wa huku ndo chakula chake. Fungua mgongo wa kamera, weka spidi ya sekunde moja, piga, uone pazia linafunguka na kufunga. Sponji za mlangoni zikiwa zimeyeyuka kama lami usiogope, zinabadilishwa.

Mkanda wangu wa kwanza niliupiga kwenye harusi ya binamu yangu, mkanda ni wa picha 36 lakini kaunta ikafika 36, 37, 38, bado inavuta tu. Kumbe ncha ya mkanda haikushika ndani ya kamera, mkanda haukusogea hata kidogo, harusi nzima hakuna picha. Niliumia sana. Tangu siku ile kila nikivuta naangalia kile kitufe cha kurudishia mkanda pale kushoto, kikizunguka ndo napiga.