Kikombe kimoja cha chai kwenye pipa la karatasi

Kwa miezi mitatu ofisini kwetu tulikuwa na mapipa matatu ya rangi tofauti na mabango ukutani, na bado karibu kila kitu kiliishia jalalani. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusimamia utenganishaji wa taka, na nilishaamini kwamba wenzangu hawajali.

Jioni moja mama anayetufanyia usafi akaniita. "Njoo uone, mwanangu." Alikuwa amefungua mfuko wa karatasi. Juu yake palikuwa na kikombe kilichotupwa na chai ya maziwa ndani. Chai ilikuwa imechuruzika hadi chini, karatasi zimegandana, zimeanza kunuka. "Ukiwa hivi wanaokusanya karatasi hawauchukui," akasema. Karatasi safi za siku nzima, za ofisi nzima, zimeharibiwa na kikombe kimoja. Iliniuma sana.

Kesho yake niliweka ndoo yenye chujio kando ya mapipa: mwaga kwanza, ndipo utupe. Halafu nikaomba ruhusa ya kuondoa vikapu vya chini ya meza. Hapo nilinuniwa wiki nzima! Lakini vikapu hivyo ndivyo vilivyokuwa chanzo cha tatizo, maana mtu alikuwa anatupa huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta. Akilazimika kuinuka, anakiangalia kilichomo mkononi.

Vikombe vyenyewe vilileta ubishi. Kila mtu alisema ni karatasi. Nikachana kimoja mbele yao, nikabandua taratibu ule utando mwembamba wa plastiki wa ndani, nikaupitisha mkono kwa mkono. Tangu siku hiyo sijakuta kikombe kwenye pipa la karatasi. Mhasibu wetu yeye alivutwa na makopo: nilipomweleza kwamba kuyeyusha alumini iliyokwisha tumika kunahitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza mpya kutokana na boksiti, yaani mawe yenye madini yake, akaanza kuyakusanya hata ya wenzake.

Chumba cha mikutano bado kinanisumbua. Wageni hawajui utaratibu wetu, na bango hawalisomi wakiwa na haraka. Kwa hiyo kikao kikikaribia kwisha nasogeza ndoo mlangoni na kusimama hapo. Anayetoka na chupa yenye maji namwonyesha pa kuyamwaga, na wengi hushukuru.