Siku mbili

Jamani leo siku ya tano na lile swali bado nalisikia. "Umechora kwa siku ngapi hii?" Na bado najisikia mwenyewe nikijibu, harakaharaka kama mtoto kaulizwa na mwalimu, "Siku mbili kaka."

Nani alinituma nijibu vile?

Ilikuwa Jumamosi, pale hotelini Capri Point, hapa Mwanza, waliponiruhusu kutundika picha zangu mapokezi. Kaka mmoja kasimama mbele ya ile picha yangu kubwa ya taa za wavuvi wa dagaa ziwani usiku, kaangalia weee, kaenda kunywa chai, karudi tena. Mi nimejibanza pembeni moyo unadunda. Kauliza bei nikasema laki mbili na nusu na hakushtuka, naomba mlishike hilo, hakushtuka kabisa. Afu ndo akauliza siku ngapi. Nikasema mbili. Akaigeukia picha tena akaiangalia kama imesinyaa, "Siku mbili laki mbili na nusu? Dada, hiyo si zaidi ya laki kwa siku? Mbona Dar picha ya Tingatinga unapata kwa elfu ishirini na tano." Nikasema basi kaka nipe laki na arobaini. Hakuwa ameomba nipunguze! Hakutamka neno punguza. Bei nimeishusha mwenyewe kwa mdomo wangu.

Wiki hii mdogo wangu kaletewa posa, nimehama Nyegezi nimekuja Igoma, na nimetimiza mwezi tangu niache kazi ya steshenari, lakini yote hayo yamepita tu, mi bado nipo pale mapokezi nimeshika mkono wa begi.

Na mahesabu nimeyafanya. Kanvasi na mbao zake elfu ishirini na nane, rangi kama ishirini, fremu thelathini na tano, boda elfu tatu. Themanini na sita. Nilichobaki nacho ni elfu hamsini na nne, na hapo sijala, sijalipa kodi.

Kuhusu Tingatinga ningeweza kumjibu, maana nampenda yule mzee. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora 1968 pale Dar, vipande vya silingibodi na rangi za baiskeli, akafariki 1972. Miaka minne tu! Waliojifunza kwake wakafundisha wengine, na wale wengine, ndo mpaka leo twiga yuleyule na mti uleule unatoka mikononi mwa watu wengi na bei inakuwa ile ya kuuzia wapita njia. Sio kosa lao, ni mkate wao. Ila hizi taa nani mwingine anazichora? Ningemwambia hivyo. Sikumwambia.

Na siku mbili ni kweli, mikono ilifanya kazi siku mbili. Lakini tangu mwezi wa kwanza kila giza la mwezi likifika nashuka Kirumba kukaa kwenye mawe, maana mwezi ukiwa mkubwa taa haziwaiti dagaa vizuri na wavuvi wanapumzika. Mwanzo nilipaka njano, maana kichwani mwangu taa ni karabai ya bibi. Nikaenda nikakaa mpaka saa sita usiku, baridi, mbu, kumbe hizi za sola ni nyeupe kabisa, na pale mwanga unapoingia majini unageuka kijani, kijani cha jani la mpera likiwa bado changa, afu ghafla weusi. Sio taratibu, ghafla. Ule mpaka wa kijani na weusi ndo ulinitesa. Kanvasi mbili nimezikwangua kwa kisu cha jikoni. Ya tatu ndo hiyo ya siku mbili.

Jumanne nimeenda kumlipa mzee wa fremu Mlango Mmoja. Nikakumbuka mwaka jana nilimwambia, "Mzee wangu, si dakika kumi tu hizi?" Hakunijibu, aliendelea kukata pembe zake, akasema nisogezee msasa, na alipomaliza bei ikawa ileile. Safari hii nimelipa yote nikamwambia asante baba, akanishangaa kidogo.

Sasa jana usiku yule kaka kanitumia voisi. Nikajua anarudisha. Kumbe mama yake kaja toka kisiwani Ukara, kaingia sebuleni na begi bado mkononi, kasimama mbele ya picha akauliza, "Hili giza la mwezi gani?"

Nimeisikiliza mara sijui ngapi. Kwenye picha mwezi haupo, hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na yule mama kaona! Kaka anasema mzee wao alikuwa anavua dagaa, mama kakaa pale mpaka chakula kimepoa. Anataka nyingine ndogo ampe aende nayo nyumbani. Nikaandika: ukubwa nusu ya ile, bei laki na themanini, inasubiri giza lijalo, kianzio nusu. Nikaituma kabla sijaisoma mara ya pili, afu nikaweka simu chini ya mto.

Hakuuliza siku ngapi. Kaandika "sawa dada", kianzio bado hakijaingia, na leo asubuhi nimeangalia kalenda kujua mwezi unaandama lini.

Ila mama yangu kapiga mchana, mguu umevimba tena, ule wa kushoto, anasema ni viatu. Viatu gani, wakati anashinda na ndala? Nimemwambia aende zahanati kesho, kasema tutaona, na nikisikia hivyo najua haendi.