Dinari mbili

Nilikua na miaka 22 na jioni ile zamu ya kuongoza somo la biblia ilikua yangu. Nikachagua Msamaria Mwema, Luka 10, maana wiki nzima nilikua nasoma jinsi Agustino wa Hippo, yule askofu wa kanisa la kale, alivyoifafanua ile habari na kwakweli ilininyima usingizi. Basi nikawapa yote kama nilivyoipokea: yule mtu anayeshuka toka Yerusalemu ni Adamu, Yerusalemu ni mji wa mbinguni, wanyang'anyi ni shetani na malaika zake, kuhani na Mlawi ni agano la kale lisiloweza kumwokoa, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni kanisa, mwenye nyumba ni mtume Paulo, na zile dinari mbili alizomlipa mwenye nyumba ni amri mbili za upendo. Watu walikua wanaandika jamani, bado nazisikia zile kalamu.

Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja aliyefundisha fasihi miaka mingi, wote tulimwita mwalimu. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu, zile dinari zingekuwa tatu ungesema ni nini?"

Nikajibu hapohapo, Utatu Mtakatifu.

"Na nne ungesema Injili. Sasa aliyefumba hapo nani, Yesu au Agustino?"

Ndo akatueleza kwamba kuna istiara anayoitunga mwandishi mwenyewe, anajua tangu mwanzo nani anasimama badala ya nani, kama wale nguruwe wa Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell, na viongozi wa mapinduzi ya Urusi, halafu kuna ile anayoipandikiza msomaji. Mimi nilikua sijawahi kusikia hivi vitu vikitenganishwa. Akatufungulisha 2 Samweli 12, nabii Nathani anamsimulia mfalme Daudi habari ya tajiri aliyemchinja kondoo wa pekee wa maskini, mfalme anawaka hasira, anahukumu, ndo anaambiwa "Wewe ndiwe mtu huyo." Fumbo lilimpata sababu hakuling'amua, angejua mapema kwamba anasemwa yeye si angejitetea. Tena hata pale, akasema mwalimu, vitu havilingani vyote: kwenye hadithi anayekufa ni kondoo, kwenye maisha ya Daudi kondoo ni Bathsheba, mke wa mtu ambaye Daudi alimchukua, na aliyekufa ni Uria mumewe. Nathani hakuhangaika kuvilinganisha.

Nilimwelewa lakini moyo ukagoma. Nikafungua Wagalatia 4 nikasoma kwa sauti, Paulo anasema habari ya Hajiri na Sara, wale waliomzalia Abrahamu watoto, "husemwa kwa mfano", wale wanawake ni maagano mawili, na Hajiri ni mlima Sinai. Nikamuuliza, na huyu je mwalimu? Mbona kitabu cha Mwanzo hakisemi hivyo popote, naye kapandikiza?

Akaja mbele, akachukua biblia yangu, akausoma ule mstari mara mbili huku watu wote kimya.

"Hapa," akasema, "nipe mpaka wiki ijayo."

Wiki iliyofuata alikuja na daftari limejaa.