Shaba za Mfalme Ferrante

Oktoba 2016 nilikuwa Napoli, Italia, nikimtunza mwalimu mstaafu aliyezaliwa Amatrice. Tetemeko la Agosti 24 lilikuwa limeuangusha mji wake, na tangu siku hiyo chakula alikigusa tu. Jioni moja nikamkuta amemwaga sarafu za shaba mezani, nyeusi, zimelika kingoni. Akasema, "Njoo unisomee, binti yangu. Macho yangu hayazifikii tena."

Upande mmoja una kichwa cha Ferrante, mfalme wa Napoli. Wa pili una farasi, na kwa sababu yake watu waliziita cavallo. Mfalme alianza kuzipiga mwaka 1472, kwa kuwa chenji ya zamani, ya madini ya fedha yaliyochakachuliwa, ilikuwa imejaa sarafu za bandia. Hii mpya ilikuwa shaba tupu, 12 kwa grano moja, kipimo cha pesa cha Napoli: pesa ya mkate na mboga. Kumzunguka farasi nikasoma EQVITAS REGNI, haki ya ufalme. Nilishikwa na maneno hayo. Mfalme angeweza kuyaweka kwenye dhahabu peke yake, akayaacha yapite mikononi mwa wachuuzi.

Lakini hakuwa mpole. Mabaroni, makabaila wa ufalme wake, walipoasi mwaka 1485 aliwafunga na kuwaua. Mji wa L'Aquila nao ulimgeuka, ukapiga shaba isiyo na uso wake: jina la Papa Innocent VIII upande huu, uhuru wa Aquila upande ule. Nilipoisoma hiyo mzee alicheka, mara ya kwanza tangu Agosti.

Kisha akanisukumia moja aliyoiweka kando. Ilikuwa imesugulika mno. Nikaigeuzageuza chini ya taa, nikatoa herufi tatu, nne, naye akazimalizia kwa kichwa: FIDELIS AMATRIX, Amatrice mwaminifu. Mji wake haukumwacha Ferrante, na mwaka 1486 akauruhusu upige sarafu yake wenyewe. Mji mdogo wa milimani! Wiki nzima nilikuwa nimeuona kwenye magazeti kama kifusi tu, na sasa nilikuwa nimeushika ukijitaja jina.

Akaniomba simu. Akampigia dada yake, ambaye hakuwa amezungumza naye tangu mazishi, akamsomea zile herufi. Kisha wakaanza kubishana kwa sauti duka la mkate la utotoni mwao lilikuwa upande gani wa barabara, nami nikaenda kupasha supu.